Nasaba ya Kasisi: Ukoo wa Charles Kingsley na Nafasi Yake katika Uhakiki wa Maandishi Yake

UTANGULIZI

Wahakiki wengi wanapomjadili mwandishi wa karne ya 19 huanza na ukoo wake: baba alikuwa nani, mama alitoka wapi, na mababu walifanya nini. Aya hizo za mwanzo aghalabu husomwa kwa haraka, kana kwamba ni kizingiti tu cha kuvukwa ili kuzifikia kazi zenyewe. Hata hivyo, nasaba si orodha ya majina. Nasaba ni masimulizi. Na kama yalivyo masimulizi mengine, ina msimulizi wake na hadhira yake, ina yanayotajwa kwa fahari na yanayopitiwa kimyakimya.

Makala haya yanachunguza nasaba ya Charles Kingsley (1819–1875), kasisi wa Kanisa la Uingereza, mwandishi wa riwaya na mwanahistoria. Kingsley alihudumu katika parokia ya Eversley, Hampshire, tangu 1844 hadi alipofariki, na kati ya 1860 na 1869 alikuwa Profesa wa Historia ya Kisasa katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Riwaya zake Alton Locke (1850), Westward Ho! (1855) na The Water-Babies (1863) zilisomwa sana katika enzi yake. Wasomaji wa Kiswahili nao wamekutana naye, ingawa wengi hawakulijua jina lake: kitabu chake cha visasili vya Kiyunani, The Heroes (1856), alichowatungia watoto wake mwenyewe, kilitafsiriwa na wamisionari kwa jina la Mashujaa.

Hoja ya msingi ni kwamba nasaba ya Kingsley ilisimuliwa kwa namna mbili zisizolingana. Upande wa baba ulisimuliwa kama historia ya ardhi na vita. Upande wa mama, uliotoka katika mashamba ya miwa ya Barbados, ulisimuliwa kama chemchemi ya ndoto na elimu, huku utumwa uliouwezesha ukiachwa nje ya fremu. Yaliyoachwa nje hayakupotea, bali yalijitokeza tena katika riwaya za Kingsley na katika msimamo wake wa kisiasa.

UPANDE WA BABA: MSITU, UPANGA NA MALI ILIYOPOTEA

Chanzo kikuu cha nasaba hii ni wasifu uliotolewa mwaka 1877 na mjane wake, Frances, binti wa Pascoe Grenfell. Kwa mujibu wa wasifu huo, ukoo wa baba ulidai kutokana na akina Kingsley wa Cheshire. Babu wa mwanzo anayetajwa ni Rannulph de Kingsley, ambaye shajara ya familia inasema alikabidhiwa misitu ya Mara na Mondrem kabla ya mwaka 1128. Baada yake wanatajwa askari: wa ukoo huo waliopigana Naseby mwaka 1645 upande wa Bunge dhidi ya Mfalme, na waliopigana Minden mwaka 1759.

Shajara hii ina mwendo wa kuruka. Kati ya msitu wa 1128 na vita vya Naseby kuna zaidi ya karne tano, na kati ya Naseby na Minden kuna zaidi ya karne moja. Katika mapengo hayo hakuna wakulima, wafanyabiashara wala wadeni, ijapokuwa hakuna ukoo unaodumu miaka mia tano kwa mashujaa peke yao. Msimulizi amechagua vilele na kuyaacha mabonde. Isitoshe, uteuzi wenyewe una maana yake: ardhi iliyopatikana zama za kale, kisha damu iliyomwagwa kwa ajili ya taifa. Hivi ndivyo vigezo viwili vya uungwana wa Kiingereza.

Hali halisi ya baba ilikuwa nyingine. Charles Kingsley mkubwa alilelewa akitarajia kuishi kama bwana wa shamba, lakini aliachwa yatima mapema. Sehemu ya mali yake ilitapanywa na wengine kabla hajafikia umri wa kuisimamia, na iliyobaki akaitumia mwenyewe. Alipofika umri wa miaka thelathini hivi alilazimika, kwa mara ya kwanza, kutafuta kazi. Aliuza farasi wake wa kuwindia, akaingia Trinity Hall, Cambridge, akasomea ukasisi. Mwanawe alizaliwa tarehe 12 Juni 1819 katika nyumba ya kasisi ya Holne, Devon. Kuanzia 1824 hadi 1830 baba alikuwa Barnack, parokia yenye pato zuri aliyopewa na askofu wa Peterborough ili amshikilie nafasi mwana wa askofu hadi awe tayari kuichukua. Baadaye alikwenda Clovelly, na mwaka 1836 akahamia Chelsea, London.

Kwa hiyo, ukasisi katika familia hii haukuanza kama wito uliorithiwa, bali kama kimbilio la mtu aliyefilisika. Hili lina uzito kwa mhakiki. Kingsley anapoandika katika Alton Locke juu ya fundi cherehani anayenyonywa, anaandika kutoka tabaka ambalo limeonja hofu ya kuporomoka bila kuporomoka hasa. Huruma yake kwa maskini ni ya kweli. Mwaka 1848 alijiunga na F. D. Maurice na J. M. Ludlow kuanzisha harakati za Ujamaa wa Kikristo. Hata hivyo, suluhisho lake daima ni kumrudisha bwana mwema mahali pake, wala si kuliondoa tabaka la mabwana. Kumbukumbu ya ardhi iliyopotea inaeleza msimamo huu kuliko msitu wa mwaka 1128.

UPANDE WA MAMA: NYUMBA YA BARBADOS

Mama yake, Mary, alikuwa binti wa Nathan Lucas wa Farley Hall, Barbados, na Rushford Lodge, Norfolk. Alizaliwa West Indies akalelewa Uingereza. Nathan Lucas alikuwa jaji kisiwani, mtu wa elimu aliyesuhubiana na mwanasayansi Joseph Banks, na mkusanyaji wa nyaraka za historia ya Barbados. Familia yake ilikuwa ya wenye mashamba kwa vizazi kadhaa.

Mapokeo mashuhuri zaidi ya upande huu yanahusu mlima wa volkano wa Soufrière katika kisiwa cha St Vincent, uliolipuka mwishoni mwa Aprili 1812. Asubuhi ya tarehe 1 Mei, Barbados, iliyo mashariki yapata kilomita 160, iliamka gizani huku vumbi likinyesha. Upepo wa kawaida huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo haikuwezekana kwa mtu wa kawaida kudhani kwamba vumbi limetoka magharibi. Lilikuwa limebebwa na upepo wa juu sana unaovuma kinyume. Familia ilisimulia kuwa jaji mzee alilipapasa vumbi lile dirishani akatambua mara moja kwamba ni la volkano. Kingsley alikua na hadithi za aina hii. Mnamo Desemba 1869 aliposafiri hatimaye kwenda West Indies, kitabu alichokitoa mwaka 1871 alikiita At Last, yaani safari iliyotamaniwa tangu utotoni imetimia.

Hadithi ya Soufrière inavutia, na pengine ndiyo iliyompa Kingsley mapenzi yake ya jiolojia. Lakini izingatiwe jinsi ilivyopangwa. Katikati yake amesimama mzungu mmoja mwenye elimu, naye ndiye anayejua. Wanaomzunguka ni umati uliojaa hofu usio na majina. Watu hao ndio waliolima miwa, wakaisaga, wakaichemsha sukari, na kwa kazi hiyo wakamwezesha jaji kupata wasaa wa kusoma sayansi. Elimu ya babu inatajwa kama kipawa, ilhali sharti la kipawa hicho halitajwi.

Sharia ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, ingawa waliokuwa watumwa walishurutishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao hadi 1838. Watu wapatao 800,000 waliguswa na sharia hiyo. Serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walilipwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakulipwa chochote. Mkopo uliochukuliwa kwa ajili hiyo haukumalizika kulipwa na walipa kodi wa Uingereza hadi mwaka 2015. Tangu 2013 orodha za wadai, yapata 46,000, zimewekwa wazi kwa watafiti na Chuo Kikuu cha London, na miongoni mwao wamo makasisi na wajane wengi.

Kingsley alikuwa na miaka 15 sharia ilipoanza kutumika. Baadaye, katika barua, alieleza kuwa ukombozi wa watumwa ulimfilisi, na kwamba familia yake ililipa sehemu yake ya gharama hiyo kule Barbados na Demerara. Aliongeza kwamba angekubali kufilisika tena kama ingebidi, kwa maana moyoni hakuwa mtetezi wa utumwa. Kauli hii isipuuzwe, wala isichukuliwe kama ushahidi wa unafiki. Ni kauli ya mtu anayejaribu kuwa mwadilifu ndani ya hesabu iliyopotoka. Katika daftari lake, mdai ni mrithi wa shamba na mdaiwa ni mtu mweusi aliyeachwa huru. Karne mbili za kazi isiyolipwa hazina safu katika daftari hilo.

NASABA KAMA NADHARIA

Mwaka 1865 Francis Galton alianza kuchapisha utafiti wake juu ya urithi wa vipaji, uliokuja kuwa kitabu cha Hereditary Genius mwaka 1869. Kingsley alimwandikia Galton akiunga mkono kwamba vipaji vya watoto wa familia yake vilikuwa vya kurithi kabisa. Alimsifu baba yake kuwa na kila kipawa isipokuwa kile cha kuvitumia vipawa vyake, na mama yake kuwa na uwezo mkubwa wa utendaji na usimamizi. Wasifu wa 1877 unafuata mgawanyo wa aina hiyo: baba amempa mapenzi ya sanaa, uwindaji na moyo wa vita; mama amempa mapenzi ya safari, sayansi, fasihi na ucheshi.

Mgawanyo huu unavutia kwa unadhifu wake, lakini kiuhakiki una kasoro. Unageuza historia kuwa damu. Mapenzi ya mama kwa nchi za mbali yanafanywa kuwa tabia ya mwilini, ilhali nchi hizo za mbali ndizo zilizokuwa chanzo cha pato la jamaa zake. Uwezo wa usimamizi unatajwa kama kipaji bila kuulizwa ni akina nani waliokuwa wakisimamiwa katika nyumba alimozaliwa. Kinachorithiwa kwa hati na sheria kinasimuliwa kana kwamba kimerithiwa kwa mifupa. Galton ndiye aliyebuni baadaye, mwaka 1883, jina la nadharia ya kuboresha uzazi wa binadamu, nadharia iliyoleta madhara makubwa katika karne ya 20. Mhakiki anayeendelea kueleza kipaji cha mwandishi kwa damu ya mababu anatembea, bila kujua, katika njia hiyo hiyo.

NASABA KATIKA RIWAYA

Suala la asili na damu limetanda katika kazi za Kingsley. Katika Westward Ho!, riwaya ya enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, shujaa Amyas Leigh anakutana na Ayacanora, msichana anayeheshimiwa kama mtu wa ajabu miongoni mwa wenyeji wa misitu ya Amerika ya Kusini. Mapenzi yao hayawezekani hadi inapogunduliwa kwamba ni binti wa Mwingereza, John Oxenham, na mwanamke wa Kihispania. Hata hapo damu ya Kihispania inamchukiza Amyas, naye anayashinda machukizo hayo baada tu ya kupofushwa na radi. Yaani nasaba ndiyo kikwazo na nasaba hiyo hiyo ndiyo ufunguo. Katika riwaya hiyo hiyo John Hawkins anasifiwa kama mzee wa mabaharia wa Plymouth, ingawa historia inamjua pia kama mmoja wa Waingereza wa kwanza kufanya biashara ya watumwa kutoka Afrika.

Two Years Ago (1857) inakwenda njia nyingine. Marie, mwigizaji mashuhuri anayechukuliwa kuwa Mwitaliano, kwa hakika ametoroka utumwani Marekani na ana asili ya Kiafrika. Mmarekani anayempenda, Stangrave, hawezi kumpata mpaka akubali kuingia katika mapambano dhidi ya utumwa. Hapa Kingsley anauhukumu utumwa waziwazi. Lakini ni utumwa wa Marekani, wala si wa Barbados. Na mhusika anayeficha nasaba yake ni mtumwa, si mrithi wa bwana. Simulizi iliyo karibu zaidi na nyumba yake mwenyewe imehamishiwa ng'ambo.

Dalili iliyo wazi kuliko zote imo katika The Water-Babies, kitabu cha watoto. Humo mna kisa cha jamii ya watu wavivu ambao kizazi baada ya kizazi wanaporomoka hadi kuwa sokwe. Wa mwisho wao, anapokabiliwa na bunduki ya mwindaji, anajaribu kutamka swali lililokuwa kaulimbiu ya wapinga utumwa tangu 1787, kwamba yeye je, si binadamu na ndugu. Lakini ulimi wake umesahau kusema. Kisa kinachekesha kwa juujuu tu. Kaulimbiu iliyoandikwa chini ya picha ya Mwafrika aliyefungwa minyororo imetiwa kinywani mwa mnyama. Mwandishi aliyetetea watoto wanaosafisha mabomba ya moshi katika kitabu hicho hicho anashindwa kulisikia swali hilo kama swali la kweli. Fauka ya hayo, kisa kinageuza nasaba juu chini: badala ya shajara inayopanda kuelekea ushujaa, kuna shajara inayoshuka kuelekea unyama. Hofu hiyo ya kushuka ni jambo linaloeleweka kwa mtoto wa familia iliyopoteza ardhi kwa upande mmoja na mashamba kwa upande mwingine.

KUTOKA RIWAYA HADI SIASA

Mnamo Oktoba 1865, wananchi maskini wa Morant Bay, Jamaika, wakiongozwa na Paul Bogle, waliandamana na kupambana na wenye mamlaka. Gavana Edward Eyre alitangaza sharia ya kijeshi. Tume ya Kifalme iliyochunguza baadaye ilikuta kwamba watu 439 waliuawa, mamia walichapwa viboko, na nyumba zipatazo 1,000 zilichomwa. George William Gordon, mbunge wa asili mchanganyiko, alinyongwa.

Wasomi wa Uingereza waligawanyika. John Stuart Mill, Darwin na Thomas Hughes walitaka Eyre ashtakiwe. Carlyle, Dickens, Ruskin na Tennyson walimtetea, na Kingsley alikuwa upande huu. Mwezi Agosti 1866 alihudhuria karamu ya kumheshimu Eyre mjini Southampton, akatoa hotuba ya kumsifu. Hughes na Ludlow, wenzake wa zamani katika Ujamaa wa Kikristo, walikuwa upande wa pili, na urafiki wake na Ludlow ukaingia nyufa.

Wahakiki wameshangazwa na jinsi mtetezi wa mafundi cherehani alivyogeuka kuwa mtetezi wa Eyre. Ukitazama upande wa mama, mshangao unapungua. Hii haina maana kwamba damu ya Lucas ilimlazimisha. Ndugu wa tumbo moja hutofautiana, na Kingsley mwenyewe alinyamaza baada ya karamu ile. Maana yake ni kwamba tangu utotoni alikuwa amesikia historia ya West Indies ikisimuliwa kutoka barazani mwa nyumba ya bwana. Habari za Morant Bay zilipomfikia, zilikuta masikio yaliyokwisha kufunzwa.

WARITHI WA JINA

Kizazi cha Kingsley na kilichofuata kiliendelea kushughulika na suala hili. Mdogo wake Henry aliandika Ravenshoe (1862), ambayo mtiririko wake wote unategemea swali la nani hasa mrithi wa halali wa nyumba. Binti yake Mary aliandika kwa jina la Lucas Malet, akiunganisha majina mawili ya ukoo: la kwanza ni lile la Barbados. Riwaya yake The History of Sir Richard Calmady (1901) inahusu laana inayoifuata familia ya mabwana. Kwa hivyo jina ambalo wasifu ulilitaja kwa upole lilirudi kwenye jalada la kitabu, ingawa wasomaji wengi hawakujua lilikotoka.

Mpwa wake, Mary Kingsley (1862–1900), ambaye wazazi wake walifunga ndoa siku nne tu kabla hajazaliwa, alisafiri Afrika Magharibi mwaka 1893 na tena 1894–1895. Katika maandishi yake alishikilia kwamba tamaduni za Kiafrika ni tofauti, wala si hatua za chini za utamaduni wa Ulaya. Alibaki mtu wa himaya, lakini alisikiliza pale ambapo ami yake alicheka. Mfano wake unatosha kuonyesha kuwa ukoo hauamui fikra. Unatoa tu maswali ambayo kila mrithi huyajibu kwa namna yake.

HITIMISHO

Wasomi wa Afrika Mashariki si wageni wa tatizo hili. Tarehe za miji ya pwani, kama zile za Kilwa na Pate, huanza na wageni kutoka ng'ambo, na kwa muda mrefu zilisomwa kama taarifa kamili ya asili ya Waswahili. Katika miaka ya 1980 wanahistoria na wanaisimu walionyesha kwamba madai ya Ushirazi yafaa yasomwe kama kauli kuhusu hadhi na uhalali wa utawala, huku lugha yenyewe ikishuhudia mizizi ya Kibantu. Hakuna sababu ya kuzisoma nasaba za Waingereza kwa wepesi ambao nasaba za pwani zimenyimwa. Msitu wa Mara na Mondrem unastahili maswali yale yale yaliyoulizwa kuhusu majahazi ya Shirazi.

Maswali hayo ni matatu. Nani aliyeisimulia nasaba, na kwa ajili ya nani? Ni kitu gani kilichorithiwa kwa kweli: kipaji, ardhi, deni au ukimya? Na ni nani aliyefanya kazi katika nyumba hiyo bila kuingizwa katika shajara yake? Mhakiki anayeyauliza hatamwondolea Kingsley sifa anazostahili. Ataweza kueleza, kwa mantiki moja, jinsi kalamu iliyowalilia mafundi wa London ilivyoweza kuikejeli kaulimbiu ya watumwa. Akina Kingsley wana shajara inayofika mwaka 1128. Watu waliolima miwa ya jaji Lucas hawakupewa nafasi ndani yake, na mahali wanapoonekana ni pale tu ambapo masimulizi ya familia yanasita au yanacheka. Hapo ndipo uhakiki wa kazi za Kingsley unapaswa kuanzia.